Uso wa Mtukufu Kwenye Bomba la Hewa

Nchi ninayotaka kuieleza ina jina zuri sana, lakini sheria yake inakataza jina hilo kutajwa na mtu aliyeketi, nami naandika nimeketi kwa sababu magoti yananiuma. Basi tuseme tu "nchi hiyo". Ni nchi ya amani. Amani yenyewe ni nyingi mno, hata polisi hulazimika kuilinda kwa bunduki isije ikatoroka.

Kiongozi wa nchi hiyo huitwa Mtukufu. Siku moja gari lake lilizimika katikati ya barabara kuu akiwa njiani kwenda kuzindua kisima kilichokwisha kuzinduliwa na kila kiongozi aliyemtangulia. Akaitwa fundi wa gereji ya jirani. Fundi akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, kisha akatamka maneno ambayo wanahistoria wa huko huyataja kwa kunong'ona mpaka leo.

"Mzee," alisema, "hapa mmechelewa."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mtukufu kwamba amechelewa. Mtukufu hachelewi, saa ndizo huwahi. Jioni hiyo hiyo redio ya taifa ikatangaza Siasa ya Kujitengenezea. Gereji zote zikafungwa. Mafundi wakapewa miche ya mikaratusi wakaipande milimani, na aliyekutwa ameinamia injini ya mtu akapelekwa gerezani. Tangu hapo kila mwenye injini, au mwenye mamlaka juu ya mwenye injini, alitakiwa aitengeneze kwa mikono yake mwenyewe, maana taifa linaloshikiwa spana na watu wengine haliwezi kujiita huru.

Wenye malori walifurahi sana, ingawa walionyesha furaha yao kwa kushika vichwa. Mfanyabiashara mmoja alichanganya petroli kwenye dizeli ili lori liwe jepesi mlimani. Likawa jepesi kweli, likashuka mlima kinyumenyume. Mwenye mabasi mmoja aliifua filta ya oili kwa sabuni ya unga, akaianika kambani pamoja na soksi, akairudisha. Mkurugenzi mmoja aliona rejeta inatokota, akaihurumia, akaimiminia maji ya baridi kutoka mtungini, na kichwa cha injini kikapasuka kwa mlio ambao redio iliuita mlio wa maendeleo. Magari yaliyokufa yakakokotwa na ng'ombe hadi uwanja wa gereza, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye uzio wa kutosha.

*

Katika nchi hiyo kuna wilaya iitwayo Ukamezi, ambako mvua hunyesha kwenye taarifa za serikali tu. Mkuu wa Wilaya hiyo alikuwa Nasoro Kihimbwa, aliyewahi kuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa mtu mpole, msalimiaji, asiyependa makuu. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kumkatalia mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kirefu kuliko chake.

Dada yake mdogo, Mwanatumu, alikuwa na lori la maji, lile ambalo watu huliita boza. Alilirithi kwa marehemu mumewe na kuliendesha mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda mtoni, akajaza tangi, akapeleka maji kwanza hospitalini, kwenye wadi ya wazazi, ndipo akazunguka mitaani. Lilikuwa gari pekee wilayani ambalo bado lilikuwa hai. Magari ya serikali yalikuwa yamekwisha kutengenezwa yote.

Ndipo ikatangazwa Wiki ya Spana. Kila Mkuu wa Wilaya alitakiwa kuhudumia injini inayofanya kazi, hadharani, mbele ya Waziri wa Kujitengenezea. Nasoro akavaa kanzu yake safi, akaenda kwa dada yake.

"Mwanatumu, mdogo wangu, leo nimekuja kama kaka yako, sikuja kama Mkuu wa Wilaya."

"Mbona umekuja na askari?"

"Huyu ni wa itifaki." Akaketi kwenye mkeka. "Naomba uniazime lori. Kwa sherehe tu."

"Kaka, ungeniomba figo ningekaa nikafikiria. Lori hapana. Nisipofika hospitali siku moja tu, wale kina mama wanaoshwa na nini?"

"Sitaligusa. Nitachomoa kijiti cha oili, nitakifuta mbele ya kamera, nitakirudisha. Basi."

"Unajua kilipo?"

Nasoro alikohoa kidogo. "Nitaonyeshwa."

Mwanatumu alijipapasa nywele. Wazazi wao walipofariki, kaka huyu ndiye aliyemlea. Aliacha chuo akarudi nyumbani, akajifunza kupika ugali, na kila Jumapili alimsuka nywele, vibaya sana, mpaka shuleni wakamwita Kichaka. Mtu aliyekusuka nywele kwa vidole vinavyotetemeka humnyimi lori kirahisi.

"Kijiti tu, kaka."

"Kijiti tu. Wallahi."

Lakini kuna jambo Mwanatumu hakumwambia. Asubuhi ya sherehe aliona aibu lori lake kuonekana na oili nyeusi mbele ya wageni. Akaimwaga, akaweka mpya yeye mwenyewe, kwa kubahatisha, akajaza mpaka juu ya alama na kidogo zaidi. Hakumweleza mtu. Aliona haina haja, kwa kuwa kitakachoguswa ni kijiti.

*

Waziri wa Kujitengenezea, Mheshimiwa Sadala Tambo, aliwasili uwanjani kwa mkokoteni wa punda uliopambwa maua. Gari lake alikuwa amelihudumia mwenyewe wiki iliyopita. Wananchi waliambiwa punda ni kwa ajili ya kutunza mazingira.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Injini ni nini? Injini ni umma uliofungwa ndani ya chuma! Umma unataka nini? Unataka oili! Na oili ni nini? Oili ni upendo wa Mtukufu katika hali ya kimiminika!"

Watu walipiga makofi. Wakati huo Nasoro alikuwa ameonyeshwa kijiti kilipo, amekichomoa, anakifuta kwa kitambaa cheupe kama alivyoahidi. Waziri akageuka.

"Mkuu wa Wilaya! Mbona unaupangusa upendo wa Mtukufu kwa tambara?"

"Hapana, Mheshimiwa, ninapima."

"Tangu lini upendo ukapimwa? Mmemimina kiasi gani?"

Nasoro akakirudisha kijiti mahali pake. Alikiri kwamba hajamimina kitu.

Hapo madebe ya oili yakaletwa. Nasoro akamimina. Waziri naye akamimina, asije akaonekana bahili. Mwenyekiti wa kina mama akalalamika kwamba wanawake wamesahauliwa, akamimina. Sheikh na padri wakashika debe moja kwa pamoja, kulinda umoja wa kitaifa. Mwakilishi wa vijana, ambaye alikuwa na wajukuu, naye akapewa lake. Kila debe lilisindikizwa na ngoma.

Mwanatumu alikuwa nyuma ya kamba pamoja na wananchi. Alipoona Nasoro anapewa debe la kufungia sherehe, alipaza sauti.

"Kaka! Imejaa! Ilikuwa imejaa tangu alfajiri!"

Nasoro alisikia. Alimtazama dada yake, akamtazama Waziri, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kilichopandishwa juu ya meza. Akamimina.

Kisha akapanda kwenye usukani, akawasha.

Moshi mweupe ulitoka, ukageuka wa bluu. Injini ikanguruma, ikapandisha sauti, ikaendelea kupandisha, na Nasoro alikuwa hajagusa pedeli. Akazungusha ufunguo kuzima. Akauchomoa kabisa, akaushika mkononi. Injini ikazidi kupanda. Wanaofahamu dizeli wanajua balaa hili: ukiijaza oili kupita kiasi, oili hupenya hadi kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kuila kama mafuta. Hapo ufunguo hauna amri tena. Itakula mpaka ijiue, au mpaka mtu aizibe pumzi.

"Sikieni!" Waziri alifoka kwa furaha. "Imekataa kuzimwa! Huo ndio uzalendo!"

Umati ukashangilia. Mwanatumu aliruka kamba, akapanda nyuma ya kichwa cha lori, mahali ambapo bomba la hewa limejitokeza na mdomo wake uko wazi.

"Nguo!" alipiga kelele. "Nipeni nguo nzito, kitu chochote kizito!"

Nyuma ya jukwaa lilining'inia turubai lenye picha ya Mtukufu akitabasamu. Nasoro aliruka chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya jambo bila kuomba ruhusa. Alilichana turubai kutoka kwenye miti yake, akamrushia dada yake. Mwanatumu akalikunja, akaligandamiza kwenye mdomo wa bomba kwa kifua chake chote. Injini ikakohoa. Ikashuka. Ikaanza kutetemeka kama mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi. Watu wote wakaona uso wa Mtukufu ukivutwa polepole kuingia ndani ya bomba, kidevu kwanza, kisha mdomo, hadi masharubu.

"Mkuu wa Wilaya!" Waziri alisimama. "Ule ni uso wa nani?"

"Wa Mtukufu, Mheshimiwa."

"Uko wapi?"

"Kwenye bomba la hewa, Mheshimiwa."

"Unafanya nini huko?"

Injini ilikuwa imebakiza pumzi chache tu. Nasoro angeweza kujibu kwamba uso ule unaokoa lori la maji la wilaya nzima. Midomo yake ilifunguka. Kisha akamgeukia askari wa itifaki.

"Utoe," akasema.

"Kaka, usi—"

Askari alilivuta turubai kwa mikono miwili. Injini ikavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka ndani ya maji, ikapiga yowe, halafu ukasikika mlio wa chuma kugonga chuma. Mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini ukatoka nje. Oili yote ile, ya Waziri, ya kina mama, ya sheikh na padri na vijana, ikamwagika juu ya vumbi ikiwa inachemka.

Bendi ya polisi, kwa kudhani ratiba imefika mwisho, ikapiga wimbo wa taifa. Mwanatumu alisikiliza wimbo wote akiwa amesimama juu ya lori lake, mikono imeungua. Ulipokwisha, alikamatwa.

*

Redio ilitangaza kwamba injini ya Ukamezi imestaafu kwa heshima. Tangi la wadi ya wazazi nalo likastaafu siku iliyofuata.

Muuguzi wa wadi, Bi Eliwaza, alifika ofisini kwa Nasoro bila miadi.

"Bwana Mkubwa, watoto wanazaliwa. Nimejaribu kuwaeleza kwamba tuko kwenye Wiki ya Spana, hawasikii."

Nasoro aliomba msaada wizarani. Wizara haikuchelewa. Ilileta kreti za soda ya machungwa zilizobaki kwenye sherehe, pamoja na salamu za upendo. Kwa kuwa hapakuwa na kingine, watoto wakaoshwa kwa soda. Kufika mchana sisimizi walikuwa wamejaa wadi nzima, wamepanga mistari kutoka dirishani hadi vitandani, na kina mama waliojifungua asubuhi walikuwa wameketi wanapepea kwa kanga zao.

"Njoo uone," Eliwaza alimwambia Nasoro. Akamwonyesha kichanga mmoja, ngozi yake imejaa vipele vyekundu. "Huyu hajapewa hata jina. Sisimizi wameshamjua."

Nasoro hakula siku hiyo. Kuanzia kesho yake alfajiri alionekana njiani na baiskeli, madumu ya maji yamefungwa nyuma, kofia ameivuta hadi machoni ili cheo chake kisimtambue. Maji ya baiskeli hayalingani na maji ya boza. Yalitosha kuosha nyuso.

Alipopata ruhusa ya kumwona dada yake mahabusu, alimpelekea chapati. Mwanatumu hakuzigusa.

"Nikuulize kitu kimoja tu, kaka. Uliponisikia nasema imejaa, ulinisikia?"

Nasoro alitazama sakafu. "Nilikusikia."

"Haya." Akachukua chapati moja, akaikata vipande kwa vidole vyenye bandeji. "Nilitaka kujua hilo tu."

"Nitasema mahakamani, Mwanatumu. Nitasema yote. Turubai nililichana mimi, na kulichomoa niliamuru mimi."

"Sema. Na mimi nitasema kwamba oili niliijaza asubuhi nikakuficha. Tukijilaumu wote wawili, huenda hakimu akachoka akatufukuza."

Walicheka kidogo. Askari akaja kuwaambia kwamba kicheko hakiruhusiwi kwa mtuhumiwa ambaye kesi yake bado haijatajwa.

*

Shtaka lilikuwa kumtumia Mtukufu kama kizibo. Kesi ilisikilizwa nje, juani, kwa sababu hakimu alikuwa amelihudumia jenereta la mahakama mwenyewe. Alikuja na oili hadi viwikoni, akaomba radhi, akaketi.

Nasoro alipanda kizimbani. Alivuta pumzi, akasema bila kusita: "Mheshimiwa hakimu, dada yangu hana kosa. Nilionywa kwamba oili imejaa, nikaongeza kwa kumwogopa Waziri. Turubai nililichana mimi, na hilo ndilo jambo la akili nililofanya siku ile. Kisha nikaamuru lichomolewe, na hapo ndipo lori lilipokufa. Watoto wanaoshwa kwa soda kwa sababu yangu."

Hakimu aliweka kalamu chini. Machozi yakamlengalenga.

"Mahakama hii," alisema, "haijawahi kuona kiongozi mnyenyekevu namna hii. Anabeba dhambi ya raia wa kawaida begani mwake!"

"Mheshimiwa, sibebi dhambi ya mtu. Ni yangu."

"Mnasikia?" hakimu aliuliza umati. "Anazidi!"

"Ni kweli tupu, Mheshimiwa! Muulizeni askari aliyelivuta!"

Askari aliulizwa. Akajibu kwamba yeye huwa hakumbuki amri, huwa anazitii tu. Kadiri Nasoro alivyozikana sifa hizo, ndivyo watu walivyomshangilia. Kabla jua halijapinda alikuwa amevishwa Nishani ya Unyenyekevu ya Daraja la Kwanza, ambayo sheria inataka ivaliwe saa zote, hata kwenye kuoga.

Mwanatumu alihukumiwa kulitengeneza lori lake kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya gereza, na kuachiwa siku litakapowaka. Hakimu aliiita hukumu ya huruma. Aliisoma akitazama upande mwingine, asilione tobo la injini ya lori lililoletwa kama ushahidi, ambamo mtu angeweza kupitisha kichwa cha mtoto.

Mwanatumu alipopita mbele ya kaka yake akiwa na pingu, alimnong'oneza: "Umesema vizuri." Maneno hayo yalimuumiza Nasoro kuliko kama angetemewa mate.

*

Sasa, gereza la Ukamezi lilikuwa limejaa mafundi. Waliokataa kupanda mikaratusi walikuwa humo, na waliokamatwa wameinamia injini walikuwa humo, na magari yote yaliyokufa yalikuwa uwanjani pamoja nao. Serikali bila kujua ilikuwa imejenga gereji kubwa kuliko zote nchini, ikaizungushia ukuta, ikaipigia marufuku kufanya kazi.

Mkongwe wao aliitwa Mbaruku. Alilizunguka lori la Mwanatumu, akatikisa kichwa.

"Dada, hii injini hata tukiisalia haifufuki. Ila tazama pale." Akanyoosha kidole kwa lori la Idara ya Maji, aina ile ile, lililoletwa na ng'ombe na kupigiwa mizinga ya heshima. "Lile bwana mkubwa wao alibadilisha filta ya dizeli, hakutoa hewa kwenye bomba la mafuta. Halikuwaka, wakalizika. Lile halijafa. Limekabwa na upepo."

"Basi tutoe upepo."

"Tukionekana, tumeongezewa vifungo. Na wewe ukijua kulitengeneza, umekuwa fundi. Fundi anafungwa."

Mwanatumu akafikiri. Hukumu ilimtaka alitengeneze ndipo atoke, na sheria ilitaka akilitengeneza asitoke. Aliikunja mikono ya sare yake.

"Tuanze," akasema. "Mengine tutayaona mbele."

Wakafanya kazi kidogo kidogo, walinzi wakilala mchana. Nasoro alikuja kila alasiri na birika la chai, nishani ikimgongagonga kifuani, akasimama getini kuzungumza na walinzi kuhusu jiografia mpaka wakasinzia. Baadaye akaanza kusogea karibu. Mbaruku alimpa spana ndogo, akamwonyesha namna ya kulegeza nati, kusukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, na kukaza tena. Vidole vyake vilitetemeka vile vile kama zamani, ila alijifunza. Wakaihamisha injini nzima ya Idara ya Maji hadi kwenye lori la Mwanatumu, kwa minyororo na kwa kuimba nyimbo za kulima, ili walinzi wadhani wanalima.

Iliwaka asubuhi moja yenye ukungu, siku ambayo Nasoro alikuwa amewahi na birika lake. Mwanatumu aliketi kwenye usukani, akaisikiliza, akalia. Kisha wote wakakumbuka walipo. Mkuu wa gereza alikuwa anakuja mbio, shati halijafungwa vifungo, redio ndogo mkononi, na redioni Mtukufu alikuwa anahutubia taifa.

"Nani ameiwasha?" alipiga kelele. "Nani humu ndani amefanya ufundi?"

Mafundi waliinamisha vichwa. Mbaruku alificha mikono yake nyuma. Nasoro alijua kitakachotokea mtu yeyote akijibu, na alijua pia thamani ya ukweli katika nchi hiyo, maana alikuwa ameivaa kifuani.

"Afande," alisema, "ni hotuba."

"Hotuba ipi?"

"Hiyo uliyoishika. Sauti ilipofika hapa na Mtukufu aliposema 'songeni mbele', injini ikatii."

Mkuu wa gereza alitazama redio, akatazama lori linalonguruma. Akavua kofia yake taratibu.

Mwanatumu aliachiwa siku ile ile, baada ya kumshukuru Mtukufu, mbele ya maikrofoni, kwa ile sauti ya redioni yenye nguvu za farasi. Alilipeleka lori moja kwa moja mtoni, kisha hospitali. Eliwaza alilipokea getini akiwa ameshika mpira wa maji kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa atanyang'anywa. Nasoro alikuwa ameketi pembeni ya dereva. Njia nzima dada yake aliisikiliza injini, mpaka tangi la wadi lilipoanza kujaa.

"Umenitoa, kaka. Ahsante," alisema. "Na Mbaruku na wenzake? Kama hotuba inatosha, nani tena atawahitaji?"

Jibu Nasoro alilipata siku chache baadaye, Waziri Tambo alipomteua kuwa Msomaji Mkuu wa Injini wa Taifa, azunguke nchi nzima akizisomea hotuba injini zilizokufa. Nasoro alikubali kwa sharti moja: vipaza sauti ni vizito, anahitaji watu wenye nguvu wa kuvibeba, na kuna wafungwa fulani kule Ukamezi wenye mabega mazuri.

Ikawa hivyo. Msafara ukaenda wilaya kwa wilaya. Nasoro alisoma, wananchi wakafumba macho kama itifaki mpya inavyoagiza, na wabeba vipaza sauti wakazama chini ya magari. Injini zikafufuka. Mabasi yakarudi barabarani, pampu zikavuta maji, taa zikawaka katika vyumba vya upasuaji. Injini zenye maradhi makubwa zilihitaji hotuba ndefu, kwa hiyo Nasoro alijifunza kusoma polepole. Usiniulize kama mafundi walifurahi. Walikuwa wanafanya kazi yao tena, na kila walipoimaliza, watu walimshangilia mwingine.

Mwanatumu peke yake hakutaka kuzisikia habari hizo. "Itafika siku," alimwambia kaka yake, "utasomea kitu ambacho Mbaruku hawezi kuingia chini yake."

*

Mtukufu aliugua wakati wa mavuno. Mwanzoni ilikuwa homa, kisha tumbo likavimba. Daktari wake alimpima, akasema kwamba wamechelewa kidogo, lakini bado upo muda, apasuliwe leo hii. Daktari huyo sasa anapanda mikaratusi.

Nasoro aliitwa ikulu asubuhi. Wabeba vipaza sauti waliachwa nje ya geti. Aliingizwa katika chumba chenye mapazia mazito, akamkuta Mtukufu kitandani, mdogo kuliko picha zake, midomo imekauka, anahema kwa shida. Mawaziri walikuwa wamesimama ukutani. Tambo alimpa hotuba iliyofungwa kwa utepe wa dhahabu.

"Soma."

Nasoro alipiga magoti karibu na kitanda. Mgonjwa alifumbua macho, akamtazama kama mtu yeyote anavyomtazama yule anayedhani atamsaidia.

"Mheshimiwa," Nasoro alisema, "huyu ni mtu. Anahitaji daktari. Hotuba haiponyi kitu, haijawahi kuponya hata injini. Nilidanganya. Mwiteni daktari, nawaombeni, bado yupo hai."

Tambo alikuja akainama, akaweka mkono wake laini begani mwa Nasoro.

"Tunajua," alinong'ona. "Sote humu ndani tunajua. Lakini nani kati yetu atatoka nje akawaambie wananchi? Wewe? Basi na wale wabebaji wako tuwarudishe walikotoka, na dada yako pia?" Akamkazia mkono. "Soma, ndugu yangu."

Nasoro aliwatazama wote, mmoja mmoja, waliokuwa ukutani. Kila aliyetazamwa alitazama viatu vyake.

Akafungua utepe, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, polepole, kwa sauti ya mwalimu, na mkono wake mmoja ukiwa umeshika mkono wa mgonjwa. Jua likapanda nje ya mapazia. Alisoma sehemu ya umoja, akasoma sehemu ya kilimo, akafika pale pa "songeni mbele", akaendelea.

"Anaendeleaje?" Tambo aliuliza kutoka mlangoni.

Nasoro aliitazama shuka, ambayo tangu ukurasa uliopita ilikuwa haipandi wala haishuki.

"Anasikiliza, Mheshimiwa," akajibu, akafunua ukurasa mwingine.